Dola 12,000 za familia: mlangoni, shuleni, ukutani au kwenye fondasio?

Mzee mmoja wa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ambaye malori yake yanapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tangu watoto wake hawajazaliwa, aliniita nyumbani kwake mtaa wa Golf Jumapili moja baada ya misa. Nilidhani ni mambo ya kodi. Mezani kulikuwa na bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki wa thomson wa kukaanga, na kuizunguka meza walikaa mke wake, binti yao aliyerudi kutoka Johannesburg, kijana wao anayeendesha biashara siku hizi, na shemeji ambaye ni mtu wa kanisa. Kumbe kulikuwa na ugomvi. Familia imekubaliana kutenga dola 12,000 kila mwaka za kusaidia watu, na kila mmoja anajua kabisa ziende wapi. Mzee anataka kujenga. Mama hataki mtu aguse mlango wake. Binti anataka kusomesha. Kijana anataka fondasio, yaani taasisi ya kusaidia watu, yenye jina la ukoo. Shemeji, bila kumshangaza mtu, anataka zipitie kanisani.

"Wewe unajuaka hesabu," mama akaniambia. "Utuambie, nani ana haki?"

Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu, si mhubiri. Lakini nimetunza hesabu za familia za biashara mjini hapa kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali hilo huja kila nyumba inapoanza kupumua. Nawawekea hapa jinsi nilivyozipima njia zao, kwa kiasi kilekile cha pesa. Ukiwa na dola 1,200 badala ya 12,000, hesabu ni ileile, ondoa sifuri moja tu.

Sikuanza na kuuliza nani anastahili. Lubumbashi wanaostahili hawana mwisho. Simama dakika kumi kwenye soko la Kenya, komine (wilaya) ya mji huu, utawaona. Nilianza na mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza kila mtu ana moyo, mwaka wa pili bado kuna picha za kuonyesha. Mwaka wa tatu shaba imeshuka bei, lori moja limekwama mpakani, na moyo umepungua. Siku hiyo nani atalipa, nani atatengeneza kilichoharibika, na nani ataulizwa?

Kwanza, kisichohesabiwa

Kijana alikuwa ameshaandika kwenye karatasi yake mchango wa kampuni ya madini ambayo familia ina hisa ndani yake. Nikaufuta. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaitaka kampuni yenye kibali cha kuchimba itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na 15% ya mrabaha wa madini iende kwa mamlaka za mahali pale. Hilo ni deni. Ukilipa deni lako kisha ukaliita sadaka mbele ya watu wa kijiji, wao wanajua, na wanakucheka ukishaondoka.

Pia nikatoa watoto wa ndugu. Mama alishtuka. Lakini mtoto wa dada yako kumsomesha ni wajibu, una mfuko wake, na wala haupungui ukiitwa wajibu. Usipoutenga, mwisho wa mwaka "watoto maskini" wote kwenye orodha wana jina lako la ukoo.

Mlango wa mama

Kila Jumamosi, kuanzia saa moja asubuhi, watu hukaa kwenye benchi la mbao nje ya geti, chini ya mwembe. Mlinzi anawapanga kwa jinsi walivyofika. Mama hutoka na kiti chake cha plastiki, anakaa, anamsikiliza mmoja mmoja, na pesa ziko kwenye fundo la kitenge. Hakuna fomu wala sahihi.

Nilimwomba jambo moja: daftari la shule, miezi mitatu, aandike tarehe, sababu na kiasi. Nilitaka majina pia. Akakataa. "Mutu amekuya kulia kwangu, jina yake haiandikwe." Nikanyamaza, alikuwa sahihi kuliko mimi. Basi akaandika kwa njia yake: *mama wa Katuba, mtoto hospitali. Kijana wa Ruashi, sanduku la baba yake. Yule wa juzi, tena.*

Tulipolifungua daftari, jumla ilikuwa dola 1,900 kwa miezi mitatu. Zidisha kwa nne: 7,600 kwa mwaka. Zaidi ya nusu ya pesa zote wanazogombania ilikuwa tayari inatoka getini, na hakuna aliyejua ndani ya nyumba, hata mama mwenyewe. Hospitali na kilio (misiba) zilichukua sehemu kubwa. Septemba ilijaa ada za shule. Na "yule wa juzi, tena" alionekana mara sita.

Uzuri wa mlango ni kasi. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji akizuiwa wodini kwa sababu bili haijalipwa, hakuna fondasio itakayomjibu Jumamosi saa nne asubuhi. Mama anaweza. Tena hauna gharama ya kuuendesha: dola ikitoka, dola imefika. Kijana alisema watu wale watazinywea pombe. Nikamkumbusha kwamba katika nchi ya Kenya jambo hilo limepimwa: familia maskini za kule vijijini zilitumiwa pesa moja kwa moja kwa simu, bila masharti, na watafiti hawakuona matumizi ya pombe wala sigara yakipanda. Watu waliweka mabati, wakanunua mifugo, wakala vizuri zaidi.

Ubaya wake ni kwamba mlango humwona aliyeko karibu. Asiye na nauli ya kutoka pembeni ya Ruashi mpaka Golf hayumo kwenye daftari, na huenda ndiye mwenye shida kubwa kuliko wote. Mwongo mwenye ulimi mzuri hupata kuliko mkweli mwenye haya. Na yote yamemkalia mtu mmoja. Mama akiugua wiki mbili, benchi linabaki na watu na hakuna kiti cha plastiki.

Mama alicheka nilipomwambia kwamba hata John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta wa Marekani, alishindwa na mlango wake. Waombaji walimfuata kanisani, nyumbani, hata mezani, na barua zilimwagika kama mvua ya Januari. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 akamchukua mchungaji wa Kibaptisti, Frederick Gates, azisome, azichunguze na kumshauri. Kazi hii ya kushauri matajiri namna ya kutoa ilichipuka kwenye milango ya namna hiyo. Fondasio ya Rockefeller ilikuja baadaye sana, mwaka 1913. Mlango ulitangulia.

Kwa hiyo sikumshauri mama afunge. Nilimshauri mambo mawili tu: bili ya hospitali ilipwe kwenye dirisha la malipo na risiti irudi nyumbani, na ada za shule ziondoke getini kabisa, ziende kwa binti.

Ada ya shule: hesabu inayowaangusha wenye moyo

Binti alikuwa na mpango wake tayari. Watoto 60 wa shule ya msingi, kila mmoja mkoba, daftari, ada, na picha ya pamoja mwezi wa tisa. Mpango mzuri kwa macho, ila umekosea darasa.

Katiba ya 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kweli kuitekeleza. Tunajua sote yanayoendelea: madarasa yamefurika, na kuna walimu wasio kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Lakini kumlipia mtoto wa shule ya msingi ya umma ada ambayo imefutwa ni kumlipa mtu ambaye hakupaswa kukudai. Mtoto huanguka pale ambapo bure inaishia. Amemaliza darasa la sita, amefaulu, na sasa mwaka wa saba una minervali, ada ya shule. Hapo ndipo msichana hubaki nyumbani kuuza maandazi "kwa mwaka huu tu". Pesa ya binti iingie hapo, iende naye mpaka Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Hiyo ni miaka sita.

Na hapo ndipo hesabu inapouma. Tuseme mtoto mmoja anagharimu dola 250 kwa mwaka, kila kitu ndani: ada, sare, madaftari, ada ya mtihani. (Shule zinatofautiana sana, weka tarakimu ya shule yako.) Watoto 20 ni dola 5,000. Rahisi. Mwaka wa pili watu wamesikia, wanaomba, na mnachukua wengine 20: sasa ni 10,000. Mwaka wa tatu wengine 20: 15,000, na tayari mmepita 12,000 zote za familia. Mwaka wa sita mna watoto 120 na bili ya 30,000. Nimeona familia mbili zikifika mwaka wa tatu na kuanza kuwaacha watoto njiani. Mtoto uliyemlipia mwaka wa saba na wa nane kisha ukamwacha ana haki ya kukuona mbaya kuliko asiyewahi kukujua.

Ukitaka kubaki na watoto 20 siku zote, unaingiza watatu au wanne tu kila Septemba. Binti alinyamaza muda mrefu niliposema hivyo. Watatu au wanne! Katika mji huu! Ndiyo. Huo ndio ukweli wa dola 5,000 zikiahidiwa kwa miaka sita.

Jambo jingine nililijifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma nilisimamia ada za familia nyingine, na tulimkabidhi mkuu wa shule fedha taslimu kwa sababu alikuwa mtu wa heshima na kila mtu alimwita "Prefe" kwa sauti ya chini. Nusu mwaka baadaye nilienda darasani bila taarifa. Orodha ilikuwa na watoto 14. Waliokaa kwenye madawati ni tisa. Watatu walikuwa wamehama, na wawili sijawahi kuelewa kama waliwahi kuwepo. Sikuwa na karatasi yoyote ya kunitetea isipokuwa kitabu changu mwenyewe. Tangu siku hiyo: pesa iingie kwenye akaunti ya shule benki, bordero (stakabadhi ya benki) lenye jina la mtoto lirudi kwetu, na mtu wa familia aende darasani mara mbili kwa mwaka, siku ambayo hakuna anayemtarajia. Mtoto asipigwe picha akiwa ameshika bahasha. Atakuja kuwa mtu mzima, na picha hiyo itakuwa bado ipo.

Ukuta wa mzee

"Ukuta hauibiwi," mzee alisema. Hiyo ndiyo hoja yake yote, na kwa mtu aliyeibiwa mafuta ya lori kwa miaka thelathini ni hoja yenye uzito. Ukuta unaonekana, watoto wa wajukuu watausoma.

Nikamwambia kuhusu ukuta mmoja. Familia ninayoifahamu ilijenga madarasa matatu katika komine ya Annexe. Matofali ya kuchoma, mabati mazito, bamba la jiwe lenye maandishi, ngoma siku ya ufunguzi. Nilirudi baada ya miaka miwili. Darasa moja lilikuwa ghala la saruji. Jingine lilikuwa na mwalimu, la tatu halikuwa naye, kwa sababu walimu wapya walikuwa bado hawajaingizwa kwenye mishahara ya serikali na mmoja alikuwa ameondoka kwenda kuchimba. Familia ilinunua kila kitu isipokuwa mtu wa kusimama mbele ya ubao.

Uani kulikuwa na foraji, kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, yenye pampu ya mkono, zawadi ya familia hiyohiyo. Mtoto wa miaka kama kumi, akiona nimeiangalia, alikuja kunionyesha. Akajitundika kwenye mkono wa pampu, akaushusha kwa uzito wa mwili wote, mara tatu. Ikatoa sauti kama ya mzee anayekohoa. Hewa. Akasimama pembeni akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu. Kilichokufa ndani, fundi aliniambia baadaye, ni mpira wa kuzuia maji, kitu cha kuweka kwenye kiganja. Lakini kuufikia lazima bomba lote lipandishwe, na hakuna aliyekuwa na vifaa, na mfuko wa kamati ya maji ulikuwa umeliwa kwenye kilio. Maji yako chini, pampu iko juu, na wanawake wanapita pembeni yake na madumu ya njano.

Si wao peke yao. Waliohesabu pampu za mikono kusini mwa Sahara wamekuta mara kwa mara kwamba takriban moja kati ya nne haifanyi kazi siku yoyote utakayopita. Katika jimbo ambalo kipindupindu hurudi na mvua, hilo si jambo la takwimu.

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alitoa pesa zilizojenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani kati ya 1883 na 1929, na alikuwa na sharti moja ambalo nalipenda kuliko majengo yenyewe. Mji uliotaka maktaba ulitoa kiwanja, na uliahidi kwa maandishi kutenga kila mwaka pesa sawa na 10% ya gharama ya ujenzi, kwa ajili ya kuiendesha. Asiyeahidi, hajengewi. Ukilitia sharti hilo kwenye ukuta wa mzee wa dola 12,000, kila mwaka lazima zipatikane 1,200 za rangi, bawaba, vyoo, na mpira wa pampu. Kama kijiji hakiwezi na familia haitaki, basi tujenge kidogo zaidi.

Kabla ya tofali la kwanza nauliza pia karatasi ya kiwanja. Kwa sheria ya Julai 1973 ardhi yote ya nchi hii ni mali ya serikali. Wewe na mimi tuna haki ya kuitumia, na haki hiyo ina hati yake. Shule iliyosimama kwenye kiwanja kisicho na hati ni zawadi kwa mtu ambaye bado hujamjua. Kama shule ni ya umma inayosimamiwa na kanisa, andikeni mapema: jengo ni la nani, na nani ananunua kufuli.

Na kama mzee atanisikiliza jambo moja tu: atengeneze kilichopo. Shule yenye walimu wanaolipwa na paa linalovuja iko karibu nawe, hata kama huijui jina. Mabati 40 na madawati 30 hayaletewi ngoma, lakini mwezi wa kumi na moja mvua ikianza kupiga, watoto hawahamii kona moja ya darasa.

Fondasio yenye jina la ukoo

Hapa nilikuwa mkali, nakiri. Kijana ni mzuri, ana akili, na alikuwa ameshachora nembo.

Sheria namba 004 ya 20 Julai 2001 ndiyo inayotawala vyama visivyo na faida, ASBL kama tunavyoviita. Inataka wanachama wasiopungua saba, katiba ya chama iliyothibitishwa, maoni mazuri ya wizara inayohusika na kazi yenyewe, kisha Wizara ya Sheria ndiyo inayokupa utu wa kisheria. Inawezekana, watu wanafanya kila siku. Kinachowashtua matajiri ni jambo lililo nyuma ya karatasi hizo: pesa ikishaingia ASBL si ya familia tena. Wanachama hawagawani kitu. Mkutano mkuu unaweza kumpigia kura mzee atoke kwenye kiti. "Saba?" mzee aliuliza. "Sisi watano tu tunagombana hivi."

Halafu gharama. Katibu, chumba, umeme unaokatika na mafuta ya jenereta, safari za Kinshasa, mtu wa hesabu (mimi, na mimi si wa bure). Kwa dola 12,000 kwa mwaka mtajikuta mnaendesha ofisi inayosaidia watu kwa kinachobaki. Kipimo changu mwenyewe, wala si sheria: chini ya dola 50,000 kwa mwaka, zinazojulikana zitatoka wapi kwa miaka mitano, usifungue. Ukifika hapo fondasio ina faida ambazo njia nyingine hazina. Inaweza kupokea pesa za wengine, inaweza kuajiri muuguzi, inaweza kuishi baada yako. Na hesabu zake zinaweza kukaguliwa, jambo ambalo fundo la kitenge la mama haliruhusu.

Lakini je, ni lazima iishi baada yako? Julius Rosenwald, mfanyabiashara wa Chicago, alishirikiana na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani weusi, na kusaidia kusimamisha karibu shule 5,000 za watoto weusi kusini mwa Marekani. Hakutoa zote peke yake: wenyeji walitoa pesa, ardhi na nguvu zao, nayo serikali ya mahali ikachangia. Mfuko wake aliuamuru umalize pesa zote ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Alifariki 1932, na mfuko ukafungwa 1948. Jina lake halikupotea.

Kuna jambo moja nilimwambia kijana tukiwa nje, karibu na gari. Mjini hapa watu wameona fondasio nyingi zinazozaliwa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, zenye fulana, zenye uso wa mtu kwenye fulana. Hata kama nia yako ni safi, siku utakayochapisha fulana utawekwa kwenye kundi hilo. Alinitazama, akacheka, akasema nembo ilikuwa na fulana pia.

Kanisani

Kwa ufupi, kwa sababu shemeji alikuwa na haki zaidi ya jinsi alivyoieleza. Makanisa tayari yako pale. Yana shule, yana vituo vya afya, yana masista wanaojua nani amelala njaa Katuba wiki hii. Ukipeleka dola 2,500 kwenye shule ya parokia yenye walimu wanaolipwa, hujengi kitu kipya cha kulinda. Hatari ni moja: pesa ikiingia chungu cha pamoja, haitoki na jina lake. Omba kazi moja iliyotajwa, na karatasi ya ukurasa mmoja mara mbili kwa mwaka. Padri akikasirikia karatasi hiyo, shukuru kwamba umejua mapema. Fungu la kumi libaki pembeni, ni jambo lako na Mungu wako. Ndugu zetu Waislamu nao hawachanganyi: zaka ya 2.5% ina wanaostahili waliotajwa, na zaidi ya hapo wana wakfu, mali inayofungwa isiuzwe ili mapato yake yahudumie watu.

Nilitaja wakfu kama mtu anavyotaja jambo njiani. Mzee akaweka kijiko chini.

"Rudia hiyo."

Nikarudia. Badala ya kujenga kitu kinachokula pesa kila mwaka, unatenga kitu kinachozaa pesa kila mwaka.

"Mimi niko na maduka," mzee akasema.

Walivyogawana

Maduka hayo yako karibu na soko, na moja limepangishwa kwa dola 400 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,800. Ukiongeza 200 umepata 5,000 za binti, watoto 20, watatu au wanne wapya kila Septemba. Malori yapite au yakwame, duka linalipa. Kuliwekea wakfu kisheria kungehitaji idhini ya juu serikalini na muda mrefu, kwa hiyo kwa sasa ni barua iliyosainiwa na wote watano, na nakala iko kwangu. Si imara kama hati. Ni imara kuliko ahadi ya mezani.

Mama alipewa 3,000 kwa mwaka, yaani 250 kwa mwezi, na hakufurahi. Alikuwa anatumia 7,600. Tulipotoa ada za shule na watoto wa ndugu kwenye daftari lake, pengo likawa dogo kuliko alivyodhani, lakini likabaki. Akasema mwezi wa kilio kingi ataomba ziada, na wote mezani walijua atapewa.

Dola 2,500 ni za paa na madawati, shule moja kwa mwaka, kupitia parokia ya shemeji, kwa sharti la mzee kwamba aende kuhesabu mabati mwenyewe. Zilizobaki 1,500 hazina kazi. Binti aliona ni uzembe. Nikamuuliza kama anakumbuka mwanzo wa 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma kisha Bukavu, mashariki mwa nchi, na benki za kule zikafungwa, na simu zilivyolia hapa Lubumbashi siku zile. Pesa isiyo na kazi ndiyo iliyoweza kutumwa kwa simu usiku uleule. Alinyamaza.

Fondasio haikufunguliwa. Kijana ndiye anayetunza daftari la pamoja, kwenye simu yake, na kila Agosti kabla ya shule kufunguliwa wanakaa mezani nami nikiwa na vitabu. Nembo ameihifadhi.

Bamba la jiwe ndilo lililochukua muda. Mzee alitaka jina liandikwe mahali fulani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia asitake. Lipi, na wapi? Watoto 20 hawabandikwi bamba. Mwishowe akaamua liwekwe juu ya mlango wa duka lenyewe, dogo, ili mpangaji ajue pango lake linakwenda wapi. Mpangaji alilisoma, akasema ni jambo jema sana, na mwezi wa kwanza akachelewa siku kumi na mbili. Mama ndiye aliyemwendea, na daftari mkononi.